Mti wa Kupigia Makumbi

Wahenga walikuwa na maneno mengi ya kumwita mtu anayepaonea haya kwao. Wangeweza kumwita mjinga, au asiye na fadhila. Wakachagua neno zito kuliko yote hayo, wakasema ni mtumwa. Mwanakhamis aliisoma methali hiyo skuli, akaiandikia na insha, na mwalimu akamsifu kwa mwandiko wake mzuri. Maana yake alikuja kuipata akiwa mtu mzima, mwenye cheo, na sahani ya pilau mkononi.

Mtaa wa Mkandaani, njia ya kwendea Wesha, ulikuwa umejengwa ovyo ovyo, nyumba imeegemea nyumba, bati la huyu likimwagia maji yule. Ikaamuliwa uvunjwe, yajengwe maghorofa. Wakazi hawakukataa. Waliomba tu chumba kimoja katika jengo la mwanzo kiwe makumbusho yao, kila nyumba iweke kitu kimoja, wajukuu wapate kujua wazee wao waliishi vipi. Kamati ikaundwa, na Mwanakhamis, kwa kuwa alisoma na alikuwa na kazi ya ofisini Chake Chake, akafanywa mwenyekiti. Sharti moja alilitunga yeye mwenyewe: kitu kisichokuwa na mtu wa kusimama na kukieleza hakiwekwi.

Vitu vikaja. Othman, katibu wake, alipokea pakacha la karafuu, mbuzi ya kukunia nazi, taa ya chemni, jamvi, na mrashi wa shaba wa kunyunyizia marashi, uliomfanya Mwanakhamis atabasamu siku nzima. Kisha akaja Bi Kazija, mama yake mzazi, na mti wa kupigia makumbi.

Ulikuwa mti wa mkandaa, mweusi, umelika pale unaposhikwa. Kwa mti huo mjane yule alipiga makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni pwani mpaka yakaoza, akasokota kamba za usumba, akauza, akamsomesha mwanawe. Makumbi hunuka, na harufu yake haitoki nguoni upesi. Wenzake Mwanakhamis skuli walikuwa wakiziba pua akipita. Sasa alikuwa na manukato ya kila aina, lakini alipouona ule mti alihisi pua zote zile zimezibwa tena.

"Mama, hatuna kitu kizuri kuliko hichi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kizuri kipi, mwanangu? Miye sikuwa na chengine. Nti huu ndio uliokulea."

Mwanakhamis aliupokea, akauficha nyuma ya jamvi.

Siku ya ufunguzi wa chumba kile wageni walitoka Unguja. Nje wanawake walipika pilau kwa kuni, ndani Mwanakhamis aliwatembeza wageni, maneno yakimtoka kama maji. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akasogeza jamvi, akautoa ule mti na kuugeuza geuza.

"Na huu ni wa nani?"

Bi Kazija alikuwa amekaa mkekani pamoja na wenzake, kajifunga kanga mpya kwa ajili ya siku hiyo. Alikwisha kuanza kuinuka.

"Sijui," alisema Mwanakhamis. "Labda umeletwa kwa makosa. Hapa kwetu hapakuwa na kazi ya kutumia mti kama huo."

Wanawake wa mkekani, ambao nusu yao walizeeka kwa kazi hiyo, waliinamisha vichwa. Othman alikohoa. "Bi Kazija," alisema taratibu, "wewe wautambua?"

Neno moja tu lingetosha kumfanya Mwanakhamis mwongo mbele ya wageni wote. Bi Kazija alimtazama mwanawe, akamwona anavyotoka jasho, akamhurumia.

"Hata miye siujui," alisema. "Huo ni ukuni. Nipe, mwanangu, niupeleke jikoni."

Akauchukua kwa adabu mikononi mwa mgeni, akatoka nao. Mwanakhamis alitaka kumwita, lakini mgeni alikwisha kumuuliza habari za mrashi, naye akajibu, tena kwa kucheka.

Wageni walipokaa kula, alikimbilia uani. Mama yake alikuwa kando ya mafiga, na ule mti ulikuwa chini ya sufuria, umeshika moto hadi pale palipolika.

"Mama, umeutia kweli?"

"Ungebaki, wangeuliza tena. Umeshasema huujui, sikutaka uonekane mwongo." Bi Kazija alimpakulia sahani, akampa. "Kula, mwanangu. Kimeshawiva."

Mwanakhamis alitia tonge mdomoni, akaiweka sahani chini. Aibu ilimjaa hadi akashindwa hata kuomba radhi. Alilia palepale, na mama yake akamfuta machozi kwa ile kanga mpya, jambo lililomuumiza zaidi.

Leo maghorofa yamejaa watu, na katika chumba kile kila nyumba ina pahali pake penye jina. Nyumba ya Bi Kazija haimo. Mwanakhamis aliomba aandike maelezo tu, Othman akamkumbusha sharti lake: atasimama aeleze kitu gani? Basi amebaki na funguo. Kila Ijumaa baada ya sala hufungua mlango, akafuta vumbi mrashi wa watu, taa ya watu, mbuzi ya watu. Watoto wa skuli wakija humuuliza, "Bi Mwanakhamis, na chenu kiko wapi?" Naye huinama, akaendelea kufuta.

Mkataa kwao ni mtumwa.