Jiwe Jeupe la Fundi Ntandu

Jiwe hushika foleni, halipigi kura.

Naona mmecheka. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Sefu maneno hayo, pale huyu Sefu alipomtuma dada yake aende shuleni kumwangalizia jina kwenye daftari la wapiga kura, ili yeye aendelee kuuchapa usingizi. Sasa mnataka kujua jiwe na kura vilikutana wapi. Haya, kaeni. Wewe Sefu kaa hapa mbele, maana hadithi hii ni yako. Na hiyo simu iweke chini, haikimbii.

Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Mwankonda, kabla hamjazaliwa, bomba la maji lilikuwa moja tu, kule nyuma ya zahanati, nalo lilitoa maji kwa uchoyo. Ndoo moja ilijaa mpaka umechoka kusimama. Sasa watu wote wakishinda bombani, mashamba yalimwe na nani? Ndipo wakaanza kupanga mawe. Unafika alfajiri, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda zako. Zamu ikikaribia unarudi, unaliondoa jiwe, unasimama mahali pake. Hakuna aliyethubutu kupiga teke jiwe la mwenzake. Kufanya hivyo ilikuwa sawa na kumpiga kikumbo mwenye jiwe, na kesi yake ilifika kwa balozi wa nyumba kumi. Tena hata ukichelewa wakakupita, hukupoteza kitu. Ulikuja ukasimama kwenye jiwe lako, na ndoo iliyofuata ikawa yako.

Katika kijiji kizima hakuna aliyeliamini jiwe lake kama Ntandu, fundi cherehani. Lilikuwa jeupe pe, lina ukubwa wa boga dogo, na kila mtu alilijua. Zahanati aliweka jiwe. Mashineni aliweka jiwe. Hata kwenye harusi ya binti wa diwani aliliweka mlangoni mwa jiko la pilau, na sahani ya kwanza alikula yeye. Kusimama kwenye foleni, alisema, ni kazi ya wasio na kazi.

Alikuwa fundi hodari, lakini mdomo wake ulishona zaidi kuliko cherehani. Ng'ambo ya njia, mkabala naye, alikaa Kiula, fundi baiskeli. Mwaka ule wa uchaguzi wa rais wawili hao walibishana tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ntandu alimtaka mgombea aliyeahidi maji. Kiula alimtaka aliyeahidi barabara.

"Barabara ya lami ikifika," Kiula alisema, "hayo maji yatakuja kwa lori."

"Na lori lisipokuja utakunywa lami?" Ntandu alimjibu, na watu waliokuwa wakisubiri suruali zao walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta.

Tatizo ni kwamba Ntandu, pamoja na maneno yote hayo, alikuwa hajapiga kura kwa miaka kumi. Uchaguzi mmoja ulimkuta msibani, mbali. Uliofuata alijiandikisha kwingine, na siku ilipofika nauli ya kwenda huko hakuwa nayo. Mkewe, Zaituni, alikuwa mtu wa maneno machache. Usiku mmoja, wakila ugali, alimwambia, "Baba Hemedi, miaka kumi unachagua rais kwa mdomo. Safari hii ukikosa, usinizungumzie tena habari za rais humu ndani."

Ntandu aliuona utani, lakini tonge akalirudisha sahanini. Alijua kesho yake maneno hayo yangefika bombani, na mtu akishaambiwa anachagua kwa mdomo, nani atamsikiliza tena? Akaapa kwamba safari hii atapiga kura hata kama mbingu itashuka. Akajiandikisha palepale shuleni kwetu, akaifunga kadi yake kwenye kitambaa na kuitia ndani ya Kurani ya baba yake.

Siku ya kura alitoka nyumbani nyota zikiwa bado juu, amekumbatia jiwe. Alikuwa wa kwanza kabisa. Akaliweka mbele ya mlango wa darasa la tano, palipokuwa kituo, akarudi kufungua kibanda chake. Nyuma yake wengine nao wakaweka mawe, matofali, kandambili, na mmoja akaweka ndoo iliyotoboka.

Saa moja kasoro akaja askari, kijana mgeni, mwenye adabu zake. Akautazama ule mstari.

"Haya mawe ya nini?"

"Ni watu, afande," akajibiwa.

"Watu gani?"

"Huyo mweupe ni fundi Ntandu."

Askari akajizuia kucheka. "Leo naomba watu wenyewe," akasema, na akayasogeza mawe yote ukutani, taratibu, bila kulirusha hata moja. Lile jeupe lilikuwa zito, akalisukuma kidogo tu likakaa kando ya mlango. Wenye mawe waliokuwa karibu walikuja mbio wakajipanga kwa miguu yao. Zaituni alikuwamo. Akapiga kura yake mapema, akapitia kibandani kwa mumewe.

"Mawe yameondolewa. Funga uende."

"Langu wamelitupa?"

"Limewekwa kando ya mlango."

Ntandu akafikiri kidogo, akatabasamu. "Basi wamelisogeza mbele."

Zaituni akamtazama, akaenda zake kupika. Kuna watu hata ukiwapigia ngoma ndani ya sikio, watakuuliza ni wimbo gani.

Basi Ntandu akashinda kibandani, na nawaambia ilikuwa siku njema kwake. Kila aliyetoka kupiga kura alipita pale kuonyesha kidole chenye wino. Mzee Mghenyi alisema amempa kura yake anayemwamini, na sasa anarudi kwa mbuzi zake, kwa sababu mbuzi hawajui uchaguzi. Bi arusi wa juzi alisema karatasi aliikunja mara nne, kwa kuogopa mumewe asije akaona. Mama mmoja alisema ameupigia kura mgongo wake uliochoka kubeba ndoo. Ntandu alifurahi kana kwamba hizo kura ni zake. Naye alimuuliza kila mmoja, "Foleni ikoje?"

"Ndefu."

"Na jiwe langu umeliona?"

"Lipo mlangoni."

"Basi," anasema, na cherehani inaendelea.

Kiula naye hakuwa ameenda, ila yeye alikuwa na sababu. Watu wa kitongoji cha mbali walikuja kwa baiskeli, na miiba ya njia yetu mnaijua. Alishinda akiziba pancha ili watu wafike. Saa tisa na nusu akafunga sanduku la vifaa, akanawa mikono.

"Twende, Ntandu. Saa kumi wanafunga."

"Tangulia, bwana. Wewe utakuwa wa mwisho, mimi ni wa kwanza."

Akaenda nyumbani, akaoga. Akavaa kanzu, na juu yake koti alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Akaitoa kadi kwenye kitambaa. Alipofika shuleni zilikuwa zimebaki dakika chache, na foleni ilikuwa bado imekwenda mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Hakuitazama hata mara moja. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akalisogeza jiwe lake kwa mguu, akasimama pale lilipokuwa.

"Mzee wangu," askari akamwambia, "mkia wa foleni uko kule."

"Afande, mimi ni wa kwanza. Jiwe hili liko hapa tangu hujaamka."

Wengine kwenye foleni wakanung'unika kwamba ni kweli, ndivyo desturi ilivyo. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja karibu na mlango, ana mtoto mgongoni, naye akasema, "Mimi nimesimama tangu saa sita, na mtoto nimemnyonyesha hapahapa nilipo. Jiwe hilo limenyonyesha?"

Watu wakacheka, lakini Ntandu hakusogea. Msimamizi wa kituo akatoka nje. Alikuwa mwalimu kutoka kijiji kingine, jina lake Perpetua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Waambie hawa."

"Kadi unayo?"

"Ninayo."

"Vizuri. Aliyekuwa hapa tangu alfajiri ni wewe au ni jiwe?"

"Jiwe langu."

"Basi nikilipatia karatasi, wino nitalipaka kidole gani?"

Ntandu akakitazama kidole chake, kisha akalitazama jiwe. Perpetua akaitazama saa yake. "Zimebaki dakika mbili. Afande, nenda ukasimame nyuma ya mtu wa mwisho. Atakayekuja baada yako hatapiga kura."

Askari akaanza kutembea kuelekea mlingotini. Ntandu akamwona anavyokwenda. Angeweza kumfuata. Lakini kutoka mlangoni mpaka kule mkiani, na koti lile, mbele ya wateja wake wote, aliona haya. Haya ilimshika miguu. Huku akifikiria ugali wa jioni na Zaituni aliyenyamaza, alibaki amesimama karibu na jiwe lake, mtu mzima amekauka.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Kiula. Askari akamfikia.

"Wewe ndiye wa mwisho?"

Watu wote wakageuka. Kila mtu alijua Kiula anamtaka nani na Ntandu anamtaka nani. Neno moja tu, "ndiyo," na kura moja ya maji ingekuwa imezikwa. Wala asingekuwa amesema uongo.

Kiula akasema, "Bado mmoja, afande."

"Yuko wapi? Mimi simwoni."

"Yule pale mwenye koti, anayelinda jiwe." Halafu akapaza sauti, mpaka na sisi wa mlangoni tukamsikia vizuri: "Ntandu! Jiwe hushika foleni, halipigi kura. Njoo usimame, bwana!"

Aibu ilikuwa imemfunga miguu Ntandu, na sauti ya mbishi wake ndiyo iliyomfungua. Alikimbia. Kofia ilidondoka, hakuiokota. Akafika nyuma ya Kiula anahema, askari akasimama nyuma yake, na palepale Perpetua akatangaza kwamba saa kumi imetimia.

Walisimama kwa muda wa saa nzima na zaidi, kwa sababu foleni ilikwenda kama lile bomba letu. Maneno yao ya hapo Ntandu aliyasimulia mwenyewe miaka yote, akishona. Alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Kwa nini umeniita? Unajua ninayempa."

"Najua."

"Sasa?"

"Ukikosa kura, kesho nitabishana na nani?" Kiula akasema. "Nikimshinda mtu asiyepiga kura, nimeshinda nini?"

Ntandu akaushika uzi uliokuwa umening'inia kwenye shati la Kiula, akaukata kwa meno. Ndiyo asante aliyoiweza siku ile.

Alipoingia darasani alichovya kidole kwenye wino, akapewa karatasi. Ndani ya kituturi, pale pa kupigia kura kwa siri, mkono ule uliokata vitambaa bila kupima safari hii ulipima kwanza. Akaweka alama yake. Akakunja, akatumbukiza sandukuni, akasimama akilitazama lile sanduku mpaka Perpetua akamwambia, "Tayari, mzee. Imeingia."

Nje Zaituni alikuwa akisubiri, ameshika kofia yake aliyoiokota. Hakumtazama usoni. Alikishika kidole chake, akakigeuza huku na huku kama mtu anayekagua mshono, akaridhika.

"Karibu nyumbani, mpiga kura," akasema.

Kiula alilibeba lile jiwe kwenye baiskeli mpaka kibandani, na njia nzima walibishana, maji na barabara, barabara na maji. Nani alishinda? Msiniulize. Maji mnayaona, na barabara mnaiona, na wote mnajua bado kuna la kudai. Jiwe lenyewe ndilo lile linalozuia mlango wa duka la Hemedi usipigwe na upepo. Halikupanga foleni tena. Uchaguzi uliofuata, watu walipofika shuleni alfajiri walimkuta Ntandu mlangoni, amesimama kwa miguu yake miwili, na nyuma yake Kiula.

Na yule mwanamke aliyesema jiwe halikunyonyesha alikuwa ni mimi. Mtoto wa mgongoni alikuwa huyo shangazi yako aliyekusema, Sefu. Alisimama foleni ya kumchagua rais kabla hajaota meno, na wewe una miaka kumi na tisa unamtuma dada yako.

Unakwenda wapi? Ndiyo, viatu viko nyuma ya mlango. Daftari linaondolewa ubaoni leo jioni, na dada yako ana jina lake, hana lako. Nenda ukaliangalie kwa macho yako, mjukuu wangu, na siku yenyewe ikifika nenda kwa miguu yako. Jiwe hushika foleni, halipigi kura.