Jinsi Mbogavilia Ulivyoota Miiba

Mbogavilia haukuzaliwa na miiba. Ulikuwa mti mpole, maua yake meupe, mapana kama viganja, na harufu yake ilimpokea mgeni angali njiani. Watu wa Mwarandu waliupanda mlangoni kila alipozaliwa mtoto, mahali kilipozikwa kitovu chake, wakaumwagilia maji aliyoogeshwa. Walikuwa na desturi nyingine: penye msiba, jirani yeyote alichuma maua ya kumfunika marehemu wake bila kupiga hodi, na mwenye mti hakumzuia.

Mwaka mmoja homa ilipoua wengi kijijini, desturi hiyo ilimwelemea Mbodze. Bintiye, Sidi, alikuwa kitandani siku ya tisa, na Mbodze aliamini kwamba pumzi ya mtoto imefungwa kwenye mti wake. Ua likibaki, Sidi atabaki. Lakini kila asubuhi ulikuja msiba mpya, ukachuma.

"Dada Kadzo, niachie hata hili tawi la dirishani," alimsihi jirani yake, aliyefiwa na mume alfajiri hiyo.

"Unataka Karisa wangu azikwe mtupu kama kuku?" Kadzo alifoka. "Wako anapumua, Mbodze. Shukuru, unipishe."

Mbodze akampisha. Juma lililopita, alipofiwa na shangazi, yeye mwenyewe aliuchuma mti wa Kadzo bila kuuliza. Kadzo akavunja tawi la mwisho, akaenda zake akilia.

Jua halijazama, Sidi akakata roho.

Mbodze akatoka kumtafutia mwanawe ua. Alizunguka kijiji kizima, mlango kwa mlango, na kila mti aliukuta uchi. Akarudi, akaukumbatia wa kwake, akaubana kifuani.

"Umewapa wote," akauambia. "Wangu umemsahau?"

Mti uliona aibu. Maua haukuwa nayo tena. Asubuhi, Sidi alipopitishwa mlangoni, ukayatia wekundu majani yake machache yaliyosalia, ukamwangushia yote. Kisha ukaota miiba, tawi baada ya tawi.

Na tangu siku hiyo, wekundu tunaousifia kwenye nyua zetu ni majani tu. Ua lenyewe limejificha katikati yake, jeupe, dogo kama jino la mtoto, halina harufu. Na anayelitaka hulichuma akitokwa damu.