Mkate wa Wakfu wa Hatim

Wametupokeza wazee wetu wa elimu, Mwenyezi Mungu awarehemu wao na atusamehe sisi tunaosimulia baada yao, kwamba katika zama zilizopita, katika mji mmoja wa Yemen uliosifika kwa wanazuoni wake na kwa vitambaa vyake vya nili, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bibi Lubaba. Alikuwa na mwana mmoja tu, Hatim, ambaye alikuwa amerithi kwa baba yake shamba zuri la mitende. Hatim alipotimiza miaka ishirini alitoka kwenda Hija pamoja na vijana sita wa mtaa wao. Hawakurudi. Zikaja habari kwamba walipiga kambi katika bonde kavu, yakawashukia mafuriko kutoka milimani, na maji yakawachukua wote.

Bibi Lubaba alingoja miaka mitano. Hatimaye kadhi akahukumu kwamba Hatim ni marehemu, na shamba likawa la mama yake kwa urithi. Naye hakutaka kulila. Aliliweka wakfu, mazao yake yamlishe na kumvisha na kumnunulia karatasi na wino mwanafunzi mmoja fukara wa elimu ya dini, mpaka apewe ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na mwalimu wake. Sharti likawa moja tu: kila siku baada ya sala ya Alfajiri, mwanafunzi huyo aende ukumbini kwa Bibi Lubaba, asome juzuu moja ya Qur'ani, kisha aombe thawabu zake zimfikie marehemu Hatim. Bibi mwenyewe alikuwa akikaa nyuma ya pazia, akisikiliza na kuitikia amina.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba kuwafadhili wanafunzi wa dini ni jambo lililobuniwa jana na watu wenye ofisi na mihuri. Wazee walilijua zamani, na walijua pia kwamba mkate wa mwanafunzi una mitihani mingi kuliko vitabu vyake.

Aliyepata wakfu huo alikuwa kijana aitwaye Wahb bin Suhaim. Kwao kulikuwa milimani, katika kijiji cha wachoma makaa ambacho hakikuwa na mtu hata mmoja aliyesoma. Baba yake alipofariki, watu walisimama mbele ya jeneza wakatazamana, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua namna ya kusalia maiti. Wakamzika hivyo hivyo, bila sala, kila mmoja akiinamisha kichwa kwa aibu. Siku ya pili Wahb aliteremka mlimani kwa miguu. Hakuteremka kutafuta kilemba wala sifa. Alitaka arudi kwao na elimu, asizikwe tena mtu wa kijiji kile kama baba yake alivyozikwa.

Sheikh Zakwan, aliyekuwa mwalimu mkubwa wa mji na pia msimamizi wa wakfu ule, alimpenda kwa bidii yake akampa nafasi. Miaka mitano Wahb akala mkate wa shamba la Hatim, akavaa kanzu za shamba la Hatim, na kila asubuhi akamsomea Hatim. Bibi Lubaba akamzoea hata akawa anamwita mwanangu. Ikawa imebaki miezi minane tu apewe ijaza yake.

Ilikuwa desturi yake, kila anapomaliza juzuu thelathini, kusoma dua ya khitima msikitini mbele ya watu, na kumtaja Hatim kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Alhamisi moja baada ya Alasiri alifanya hivyo. Watu walipotawanyika, mgeni mmoja wa msafara wa chumvi akamsogelea.

"Ndugu yangu, huyo uliyemwombea ni nani?"

"Ni mwana wa mji huu, alikufa maji miaka kumi iliyopita akienda Hija."

Mgeni akashika ndevu zake. "Ajabu! Sisi kwetu, bandari ya siku kumi na tano kutoka hapa, muadhini wetu anaitwa kwa majina hayo hayo matatu, wala hakuna mwingine mwenye majina hayo. Anachechemea. Na kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto hakina ukucha. Ijumaa niliyotoka nilisali kwa adhana yake."

"Ametokea wapi?"

"Hasemi. Tulimwokota karibu na bonde la mafuriko, yu nusu mfu. Tukimwuliza kwao, hulia."

Wahb alimshukuru mgeni yule, akatoka, na badala ya kwenda kwa Bibi Lubaba alikwenda kwa rafiki yake Shuraih, mwanafunzi mwenzake, kijana mwenye akili kali na ulimi mwepesi. Akamweleza yote. Na hapo, wapenzi wasomaji, ndipo tunapoona ugonjwa wetu sisi watu wa elimu. Mchoma makaa akisikia habari kama hiyo hukimbia kumwambia mama. Mwanachuoni hukaa kitako akatafuta kauli ya kitabuni.

"Tulia, Wahb," akasema Shuraih. "Kadhi amehukumu kuwa amekufa. Hukumu ya kadhi haivunjwi na shahidi mmoja, tena msafiri asiyejulikana uadilifu wake. Hilo umelisoma mwenyewe."

"Nimelisoma."

"Na umefikiri itakuwaje? Kama Hatim yu hai, mama yake hakumrithi. Na kama hakumrithi, basi ameweka wakfu mali isiyo yake, na wakfu huo ni batili. Utakula nini? Ngoja miezi minane, chukua ijaza yako, kisha useme. Aliyengoja miaka kumi hashindwi na miezi minane."

Maneno yale yalikuwa na harufu ya kitabu, na Wahb alikuwa na hamu ya kuyaamini. Akajiambia kwamba anasubiri ushahidi ukamilike. Wazee husema subira huvuta heri, na ni kweli. Lakini kuna subira nyingine ni woga tu uliovikwa kilemba. Ijumaa asubuhi alisoma juzuu yake, akamwombea marehemu Hatim, na Bibi Lubaba akaitikia amina kwa sauti ya kilio. Jumamosi vilevile. Alimwona baba yake katika mawazo yake, akaona na kijiji kizima kikimngoja, akajiuliza ni dhambi gani kwa mtu kungoja kidogo kwa ajili ya jambo la kheri kama lile. Akasikia pia kwamba msafara wa chumvi utaondoka Jumapili.

Jumapili alisoma juzuu mpaka mwisho. Akainua mikono, akasema, "Ewe Mola wetu, zifikishe thawabu za tulichosoma kwa…" Akanyamaza. Nyuma ya pazia Bibi Lubaba alikuwa akingoja aitikie.

"Mwanangu," akasema bibi kwa upole, "leo umelisahau jina la ndugu yako?"

"Sikulisahau jina, mama. Ni neno marehemu lililokataa kutoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huenda si kweli, na mimi ninalisema mbele ya Mungu." Akamweleza habari za mgeni, za muadhini anayechechemea, na za kidole kisicho na ukucha.

Pazia lilifunguka kwa ghafla. Bibi Lubaba alisimama mbele yake amejitanda shela. "Ule ukucha uling'oka mlangoni hapo akiwa na miaka minne," akasema. "Mlango niliufunga mimi." Kisha akamtazama. "Umeyajua haya tangu lini?"

"Tangu Alhamisi, mama."

"Siku tatu! Siku tatu unanisikia nikilia, Wahb, nawe unajua?"

Wahb alitamani angepigwa, lakini bibi hakuwa na nafasi hata ya kumkasirikia vizuri, kwani ngamia walikuwa wanapakiwa. Alimwita kaka yake aende pamoja naye, akafunga nyumba, na adhuhuri ya siku ile mama huyo, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kuvuka lango la mji, alitoka na msafara wa chumvi kwenda kumtafuta mwanawe.

Wahb alikwenda mwenyewe kwa Sheikh Zakwan akakiri yote, pamoja na zile siku tatu. Sheikh alisikiliza, machozi yakamtoka.

"Mwanangu, wajua ninachopaswa kusema?"

"Najua, Maalim. Shamba lina mwenyewe."

"Lina mwenyewe, na hajatupa ruhusa. Mpaka ijulikane hakika, sina haki ya kukupa hata tende moja. Lau lingekuwa langu ningekupa lote."

"Nikipata chakula kwingine, mlango wa darasa uko wazi?"

"Mlango wa darasa langu hauna wakfu wala sharti. Njoo."

Basi kijana akarudisha ufunguo wa chumba cha wakfu alimokuwa akilala, akajikunjia vitabu vyake katika mkeka, akaenda kuomba kazi kwa watia rangi. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kugonga vitambaa vya nili kwa nyundo nzito za mti mpaka ving'ae. Alihudhuria darasa la asubuhi, kisha akagonga vitambaa mpaka Magharibi. Mikono yake ikawa rangi ya nili mpaka kwenye viwiko. Mara nyingine alisinzia darasani, na kurasa zake zikawa na alama za vidole. Shuraih alimcheka akisema, "Ulimi wako umekula mkate wako." Wahb naye alimjibu, "Na usiku nalala." Lakini tusimfanye malaika. Palikuwa na siku alizoweka nyundo chini akahesabu miezi, akaona kwamba kwa mwendo ule ijaza itamchukua miaka, akalia kama mtoto. Kisha alifuta machozi, akabaki na uso wa nili, akaendelea kugonga.

Mwezi wa tano Bibi Lubaba akarudi. Mbele ya ngamia wake alitembea mwanamume mwenye ndevu zilizoanza mvi kabla ya wakati, anachechemea, ameinamisha kichwa. Alikuwa Hatim. Ikajulikana kwa nini hakurudi miaka yote ile. Yeye ndiye aliyewashauri wenzake walale bondeni kwa sababu mchanga wake ulikuwa laini. Wenzake sita wakafa, akabaki yeye, na hakuwa na uso wa kuwaonyesha mama zao. Siku ile kabla hajaingia kwao alikwenda milango sita, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Ni mimi niliyewaambia walale pale." Wawili walimfungia mlango. Wanne walimkumbatia wakalia naye, na mmoja wao akamwambia, "Laiti ungekuja mapema, nikauliza mwanangu alisema nini mwisho." Hata wale wawili, baada ya muda, nyoyo zao zililainika.

Wiki ile Hatim aliita watu nyumbani kwake, akamwambia Sheikh Zakwan, "Shamba ni langu, na leo naliweka wakfu mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, liwasomeshe wanafunzi saba badala ya mmoja. Zao lake latosha. Sharti alitaje mama yangu."

Kalamu ikachovywa. Watu walidhani atataka wasomewe wale sita waliokufa maji. Bibi Lubaba akasema kutoka nyuma ya pazia, "Hao sita mimi na Hatim tutawasomea wenyewe. Andika hivi: mwanafunzi atakayekula mkate huu, akijua neno ambalo mwenziwe anahitaji kulijua, aliseme, hata kama litamkatia mkate."

Sheikh akainua kalamu. "Bibi, sharti hili nitalisimamiaje? Mtu akijua akanyamaza, nani atamwona?"

"Hutalisimamia. Wewe simamia mitende. Sharti lina Mwenyewe wa kulisimamia."

Sheikh akaandika. Kisha akasema, "Na wa kwanza awe Wahb." Wakamtafuta, wakamkuta amesimama nyuma ya watu wote karibu na viatu, ameficha mikono yake ya nili ndani ya kanzu. Akatikisa kichwa.

"Mama, sharti hilo mimi nimeshalivunja. Nilinyamaza siku tatu."

Bibi Lubaba alicheka, na watu wakashangaa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka kwa miaka kumi. "Kweli, ulichelewa," akasema. "Nami nilikuwa na hasira nawe mpaka siku ya nne ya safari. Lakini uliposema, mwanangu, mimi nilikuwa bado hai wa kusikia. Wengi husema juu ya kaburi. Njoo ule."

Akala. Na baada ya mwaka mmoja alipewa ijaza, akapanda mlimani kwao, na watu wa kijiji kile wakajua dini yao kwa mkono wake, Mwenyezi Mungu amjaze kheri.

Ndugu yangu unayesoma, haya si maneno ya kuwasifu watu wa kale tukafunga kitabu. Wahb hakusifiwa kwa kuwa hakuogopa. Aliogopa, na akajitafutia hoja kama sisi tunavyojitafutia. Alisifiwa kwa kuwa hoja zilipomwishia mbele ya Mola wake, hakuokota nyingine. Basi kama lipo neno la mwenzio lililokukaa kifuani, na leo ni siku yake ya tatu, inuka uende. Huenda anayelingoja bado yu hai.