Chui Aliyefuata Kikohozi

"Paukwa."

"Pakawa moshi, Mjomba. Koti lako linaungua."

Kweli. Sigara niliyoificha mfukoni vijana walipoingia haikuwa imezimika. Koti hilo nimelivaa Kigoma, Bujumbura mpaka Lusaka, halikuungua. Likasubiri liniaibishe nyumbani kwa dada yangu, siku aliyoniomba niwasimulie wanawe hadithi ya kuwaachisha kuvuta. Binti yake mkubwa, Sikudhani, akanimwagia chai mfukoni. Nikakaa na ubichi wangu, nikaanza.

Chui alikuwa akiwagawia tumbili vijana tumbaku bure. Wakivuta, wanakohoa. Wakikohoa, Chui anafuata sauti. Koho koho, nyata nyata, kwapu. Tumbili mmoja hayupo.

Kindi alikuwa na rafiki mmoja tu, tumbili aitwaye Ngoda. Akamwambia, "Acha, ndugu yangu, utaliwa."

"Nitaacha wenzangu wakiacha."

Akamwendea wa pili. "Nitaacha wenzangu wakiacha." Wa tatu, hivyo hivyo.

Kindi akafikiri. Akarudi kwa Ngoda, akamnong'oneza, "Wenzako wote wameacha. Umebaki wewe tu, wanakucheka." Akamnong'oneza wa pili. Akamnong'oneza wa tatu. Msitu mzima ukanyamaza.

Chui akashinda na njaa. Akamkamata Kindi mkia. "Mbona hawavuti?"

"Watavutaje, mzee, na wewe mkubwa wao huvuti? Wanaona ni mambo ya kitoto."

Chui akavuta, fuu, fuu. Tangu hapo kila akinyata, koho koho. Tumbili wanamsikia toka mbali, wanapanda juu. Kindi alicheka mpaka akaanguka kutoka tawini.

Alipoinuka, akasikia harufu ya moshi. Ngoda alikuwa ameketi kwa maringo kama Chui, tumbaku mdomoni.

"Ngoda, si uliacha?"

"Hata Chui anavuta, bwana. Unataka nionekane mtoto?"

Kindi akanong'ona, akanong'ona, koo likamkauka. Nani amsikie? Kila mmoja alikuwa anakohoa. Na kwa kuwa wote walikohoa, hakuna aliyesikia tena kikohozi cha Chui.

Kwapu. Ngoda hayupo.

Hadithi yangu imeungulia hapo, mwenye maji aizime. Funzo lake, wanangu: mkubwa akitaka kuvuta, afiche vizuri.

Hakuna aliyecheka. Nikauliza, "Haya, nani ataacha?"

Wakatazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Sikudhani akautazama mfuko wangu uliolowa chai.

"Anza wewe."