Pimbi Mfinyanzi na Matanuri ya Bonde Jeusi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde. Wahanga, wale wachimbaji wenye pua ndefu, walichimba chuma humo, wakakiyeyusha kwenye matanuri. Walikata miti, wakachoma, wakakata, wakachoma, hata bonde likawa jeusi na mto ukanuka. Chuma kilipokwisha, wakaondoka. Akabaki Mhanga mmoja mzee, na Kobe jirani yake. Wawili hao wakapanda miti. Mwaka wa kwanza, wakapanda. Mwaka wa saba, wakapanda. Mto ukatakata. Wakatangaza: mwenye kazi ya mikono na aje.

Hakuja mtu. Bonde Jeusi? Nani aende?

Juu ya mlima aliishi Pimbi, mfinyanzi, mjane mwenye watoto watatu. Udongo aliutoa chini, akaupandisha mgongoni, he, he, he. Akafinyanga vyungu, akavichoma shimoni, akavishusha sokoni. Njiani, pwaa! Katika vyungu kumi vilifika vinne. Msimu ule vilifika viwili, watoto wakalala njaa.

Akamwambia dada yake, "Dada, nahamia bondeni."

"Kwenye majivu yale? Watu watakucheka."

"Na wacheke. Watoto wana njaa."

Akashuka na wanawe. Akakuta matanuri yamesimama. Akakuta njia pana ya Wahanga, tambarare mpaka sokoni. Udongo uko kando ya mto.

"Mzee, tanuri hili limekufa?" akauliza.

"Limelala tu, mwanangu," akasema Mhanga. "Ziba ufa huu. Anza na moto mdogo. Likinguruma vuu, ongeza kuni. Mti usikate, okota matawi yaliyoanguka."

Pimbi akaziba ufa, akapanga vyungu kumi ndani, akawasha moto, akangoja siku tatu. Akafungua, akagonga chungu cha kwanza. Ting! Cha pili, ting! Vyote kumi, ting! Pimbi akaketi chini, akalia kidogo. Kisha akavipanga, akavipeleka sokoni.

Vilitoka kumi, vikafika kumi. Akaja Mnana, yule ndege msusi wa viota, akafuma vikapu vya kubebea vyungu. Wakaja Nyuki, wakataka mitungi ya asali. Kila aliyekuja alimfaa aliyetangulia.

Mwaka wa tatu dada yake akashuka, mgongo umepinda kwa kupandisha udongo.

"Mbona hukuniambia huku ni kuzuri hivi?"

"Nilikuambia nahamia. Uzuri nilikuwa bado sijaujua."

Dada akauliza, "Lipo tanuri jingine?"

"Yamechukuliwa yote." Pimbi akasogeza udongo wake upande mmoja. "Kaa hapa."

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: mahali palipoharibika, pakatengenezwa, pana njia, pana vyombo, pana watu wanaoijua kazi. Msipakatae kwa sababu ya jina la jana.

Hadithi yangu imefika hapo, nami nimeitua.