Jiko la Kwenda Nalo Jipe

Hadithi yangu haina sungura wala mfalme. Ina jiko la kukunja, gari moja kuukuu aina ya Haisi na watu wanne. Anayetaka sungura aende nyumba ya pili, huko wapo wengi. Atakayebaki atege masikio, maana mwishoni nitamdai jibu.

Kwetu Usangi, juu kwenye milima ya Upare, yupo mwanamke aitwaye Naetwe. Sisi majirani humwita Mama Eliamini. Ana watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Eliamini, mkubwa, anakaa Moshi, na alijaliwa jicho la kuchagua. Akienda sokoni kununua jembe hurudi na lile ambalo wenzake wote walilipita. Namkunda, wa kati, ameolewa Korogwe, na alijaliwa mkono wa moto. Kuni mbichi humtii. Zefania, wa mwisho, anaishi Same, na alijaliwa mkono wa nyama. Akichoma mbuzi, watu hutafuna mpaka mfupa.

Baba yao alikuwa dereva maisha yake yote. Alipostaafu akanunua Haisi, akang'oa viti vyote vya nyuma, akapigilia kitanda cha mbao na rafu ya vyombo. Watu tulimcheka, mtu ana nyumba ya matofali analala garini. Hakujali. Kila mwaka baada ya mavuno alimpakia mkewe wakashuka mlima mpaka Ziwa Jipe, wakakaa huko siku tatu nne, wakilala humo garini na kuchoma nyama nje. Mume ndiye aliyechoma. Kipande cha kwanza alikikata kabla hajatia chumvi, akakinyoosha kwa ncha ya kisu, akamwambia mkewe, "Onja." Mke alionja, akasema chumvi iwe kiasi gani. Miaka yote chumvi ya nyama ile ilipimwa na ulimi wa Mama Eliamini.

Mwaka huu, kabla ya mavuno, mume akafa.

Mama Eliamini hakulia. Alikaa kwenye mkeka kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Siku ya tatu nilimpelekea uji, nami kwa haraka zangu nilikuwa nimeuunguza. Akanywa. Nikamuuliza, "Mama Eliamini, uji haujaungua huo?"

Akasema, "Sawa tu."

Chai isiyo na sukari, sawa tu. Makande yaliyochacha, sawa tu, mpaka nikamnyang'anya bakuli. Baadaye hata hayo akaanza kuyaacha, vijiko viwili anasogeza sahani. Nguo zikampwaya. Sitawaficha, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya msiba wenyewe.

Arobaini ilipofika ukoo uliketi. Baba mdogo wa wale watoto akamuuliza, "Shemeji, hapa huwezi kubaki peke yako. Utakwenda kukaa kwa nani?"

"Kwa yeyote. Sawa tu."

Watoto wote watatu walimtaka, na wala si kwa kugombea mali. Kila mmoja aliamini kwamba kwake ndiko mama atakakopona, na kwamba kwa mwenzake atakufa taratibu.

"Basi," akasema baba mdogo, "mpelekeni Jipe, kama alivyozoea. Atakayemrudishia ladha mdomoni, huyo ndiye atakayekaa naye. Na baada ya hapo sitaki kusikia maneno."

Maneno aliyasikia, tena mengi, lakini tusitangulie.

Safari ilihitaji jiko. Lile la zamani, ambalo marehemu alilitengeneza kwa rimu ya gari, lilikuwa limeondoka na msiba. Mnajua vyombo vya msibani: unaazima sufuria, inarudi beseni la mtu mwingine. Jiko lile lilichemshia waombolezaji chai, likahama ua, halikuonekana tena. Kwa hiyo Eliamini akateremka mjini Mwanga kwa mafundi wa mabati.

Wakamwonyesha jiko la udongo. Akalikataa, barabara ya Jipe ina mashimo, litafika vipande. Wakamwonyesha la gesi. Akalikataa, kwa sababu mama yake hajawahi kukubali kulala chumba kimoja na mtungi, na Haisi nzima ni chumba kimoja. Wakamwonyesha la kuchomea nyama kama la baa, zuri kwelikweli. Akatoa kamba mfukoni, akapima. Halikuweza kuingia chini ya kitanda. Mwisho akaenda mwenyewe kwenye kona ya vyuma chakavu, akaibuka na jiko la bati nene, miguu ya kukunja, kingo za pande tatu zimeinuka shubiri nzima.

Fundi akamwambia, "Hilo limekaa mwaka mzima halina mnunuzi. Nilikosea, kingo zilizidi."

"Umewahi kufika Jipe, fundi?"

"Bado."

"Kule kuna upepo," akasema Eliamini, akalibeba.

Mama na watoto wake wakafika ziwani saa saba mchana, upepo unapiga kama alivyosema. Walikuwapo walimu waliokuja matembezi na jiko la wazi. Majivu yao yalikuwa yameingia kwenye wali, wakawa wanakula mkate mkavu. Jiko la Eliamini lilisimama kimya kama limezaliwa pale. Ila gunia la mkaa lilikuwa limefungwa juu ya gari ili mama apate nafasi ya kulala, na mvua ya njiani ilikuwa imelilowesha chapachapa.

Eliamini na Zefania wakasimama wanatazamana. Namkunda akaingia garini, akavuta kutoka chini ya kiti mfuko wa magunzi makavu.

"Nilijua," akasema. "Ninyi wawili nawajua."

Akawasha magunzi, akaupanga mkaa mmoja mmoja kando ya moto ili ukauke, uliokauka akausukuma ndani, akapanga mwingine. Alipuliza kwa muda wa saa moja na nusu. Macho yalimwiva, ushungi ukaungua pembe. Saa tisa mkaa ulikuwa mwekundu wote.

Ndipo Zefania akaweka mbavu za mbuzi. Hakuwa na haraka. Alizigeuza kwa mpangilio, mafuta yakidondoka anazisogeza, yakiisha anazirudisha. Lakini jicho lake halikuwa kwenye nyama. Lilikuwa kwa mama yake, aliyekaa mlangoni mwa Haisi miguu ikining'inia, akitazama ziwa. Moshi ulimwendea usoni naye hakujisogeza. Zefania akakata kipande, akakinyoosha kwa ncha ya kisu. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

"Onja, mama."

Mama akafungua mdomo, akatafuna. Watoto wote wakasubiri lile neno lake.

Mama akasema, "Haina chumvi."

Zefania akashtuka, akatazama mfuko wa chumvi. Ulikuwa bado umefungwa fundo. Mtu wa nyama yule, tangu aanze kushika kisu, hakuwahi kusahau chumvi. Mama akanyoosha mkono, akafungua fundo mwenyewe, akanyunyiza. Akala ubavu wa kwanza, akala wa pili. Kwenye wa tatu akaanza kulia, kilio cha siku arobaini, huku anatafuna. Hakuna aliyemnyamazisha.

Waliporudi, ugomvi ulianza kabla gari halijazimwa.

"Bila kingo zangu mngekula majivu," akasema Eliamini.

"Kingo bila moto ni bati, kaka," akasema Namkunda. "Ungemlisha bati?"

"Aliyemlisha ni mimi," akasema Zefania.

"Wewe ulisahau chumvi," akasema Namkunda. "Ukikaa naye utasahau na dawa zake."

"Ningeikumbuka, dada, angesema sawa tu."

"Kwa hiyo ulifanya makusudi?"

Zefania angeweza kudanganya hapo, na angeshinda. Akainamisha kichwa. "Hapana. Nilisahau."

Baba mdogo akawasikiliza mpaka jioni, akashindwa. Akamgeukia shemeji yake amsaidie.

"Siku ya arobaini mliniuliza, nikawaambia sawa tu," akasema Mama Eliamini. "Sasa si sawa tu tena. Nikitaja mmoja, nitawaona wawili wanavyoumia, na nitaumia nao. Amueni ninyi. Mtakaponipeleka nitakwenda, lakini safari hii nitasikia utamu na uchungu."

Baba mdogo akaja kwangu, kwa kuwa nasifika kwa mdomo. Nami nimekosa jibu. Nikimpa wa jiko, namwona wa moto na macho yake mekundu. Nikimpa wa moto, nasikia lile neno la chumvi. Nikimpa wa chumvi, nitakuwa nimezawadia usahaulifu, au pengine mkono wa marehemu ndani ya wake.

Sasa hivi mama yuko mlangoni mwa Haisi, begi mapajani. Barabara ni tatu: Moshi, Korogwe na Same. Wewe uliyekula hadithi yangu hadi mfupa, sema: gari likate kona ipi?