Farasi Asiyechechemea

Bwana asifiwe! Mchungaji kasafiri, mimbari nimeachiwa mimi, na wazee wa kanisa pale mbele wameshaanza kuangalia saa. Tulieni, baba zangu. Mimi shule niliiachia darasa la sita, sina Kigiriki cha kuwachosha nacho. Ila kwa mifano, semeni ukweli wenu, katika usharika huu nani ananifikia? Mama mchungaji anacheka, kwa hiyo tumekubaliana.

Nina swali ambalo limeninyima raha wiki nzima. Mnyama akiumwa mguu mmoja, anachechemea. Hilo hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua. Je, akiumwa miguu miwili, sawasawa, kulia na kushoto? Usijibu. Wewe kaka wa kwaya mwenye tai nyekundu, nimekuona unafungua mdomo. Ufunge, utaimba baadaye.

Palikuwa na baba mmoja mwenye farasi. Sijasema punda, nimesema farasi, wa kahawia, mrefu, shingo kama nguzo ya lango. Alimpata wakati shamba moja la kahawa lilipofungwa na wenyewe wakaondoka. Kazi ya farasi ilikuwa moja. Sikukuu na Jumapili mchana anapelekwa kiwanjani, watoto wanapandishwa, wanazungushwa, wanashuka wanalia kutaka tena. Na harusi zikitokea, bwana harusi anakwezwa juu apigwe picha, anatabasamu huku meno yanagongana kwa woga. Nyumba ile ilikula kwa mgongo wa farasi yule.

Kule shambani alizoea kupigiliwa vyuma chini ya kwato. Vyuma vikalika, baba akaving'oa kwa koleo, na fundi aliyejua kupigilia vingine alikuwa ameshahama. Farasi akabaki peku. Halafu barabara ya kiwanjani ikamwagiwa kokoto. Kokoto zile mnazijua, ukizikanyaga na kandambili iliyoisha unanena kwa lugha hata kama hujajazwa Roho.

Farasi akaanza kupunguza mwendo. Hatua fupi, fupi, fupi, kama bibi harusi wetu wa mwezi jana, ambaye nusura tutoe sadaka ya pili kabla hajafika madhabahuni. Lakini hakuchechemea hata kidogo. Kichwa kimetulia, mwendo umelingana, kulia sawa na kushoto. Mfupi tu. Watoto wakishuka wanamwambia baba, "Huyu farasi wako amelala!"

Sasa tumpe baba haki yake. Alimkagua. Aliinua mguu mmoja baada ya mwingine, akatafuta mwiba, akatafuta msumari, akatafuta kidonda. Hakuona kitu. Akamtembeza mbele ya nyumba kuona kama anachechemea. Wapi! Ndipo akatoa hukumu: "Mvivu huyu." Na mvivu dawa yake ni nini? Mzee pale nyuma ameshainua mkono juu, anatuonyesha. Ndiyo, fimbo. Farasi akachapwa miezi mitatu. Akichapwa anaongeza hatua tano ndefu, kisha anarudia zilezile fupi.

Mwisho baba akachoka. Akaongea na mtu mmoja anayefuga mbwa wakubwa wa ulinzi, mbwa wanaokula nyama nyingi siku ya kawaida kuliko tunavyokula sisi Krismasi. Yule mtu akamwambia, "Nitaleta lori Jumamosi asubuhi." Nadhani mmeelewa lori linafuata nini. Halifuati bwana harusi.

Ijumaa mchana baba akamwongoza farasi hadi sokoni, tandiko mgongoni, likashonwe mahali lilipopasuka, maana alitaka kuliuza peke yake. Akafika kwa mama mmoja fundi wa katambuga, anakaa katikati ya matairi makuukuu, kisu mkononi. Mama yule alikulia kwenye mabanda ya farasi. Baba yake mzazi ndiye aliyekuwa mtunzaji. Basi tandiko hata hakuligusa. Aliinama akatazama miguu.

"Mguu upi unamsumbua huyu, baba?"

"Hakuna, mama. Hachechemei. Ni uvivu."

"Mbona anatua kwa ncha?"

"Anatua kwa nini?"

"Hebu mtembeze. Umeona? Farasi mzima hutanguliza kisigino. Huyu anatanguliza ncha ya ukwato, kama mtu anayenyata asimwamshe mtoto. Niachie nimshonee kiatu."

Baba akacheka, na soko zima likamsaidia kucheka. "Kiatu! Mama, mimi mwenyewe bado navaa katambuga zako za mwaka juzi!"

"Basi wewe ndiye shahidi kwamba zinadumu. Inua huo mguu wake."

Jamani, mimi ni mtu wa kutaka kujua, ningekuwepo ningekaa chini kabisa niangalie. Alichora ukwato kwenye kipande cha boksi. Akakata soli ya tairi, akaizungushia ukuta wa mpira laini, mikanda akaikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Halafu akachukua kandambili kuukuu, akakata vigodoro viwili vya umbo la ukwato, akavipanga kimoja juu ya kingine ndani ya kiatu. Jua linaelekea kuzama, kiatu kimoja kiko tayari. Akamvalisha mguu wa mbele, wa kulia.

"Mtembeze."

Farasi akaondoka. Hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu kichwa kikaruka juu! Akachechemea. Na simaanishi kidogo, akachechemea mpaka mkia ukayumba.

Soko likalipuka. "Hee, kaka! Umekuja na mvivu unaondoka na kiwete!" "Mama fundi, mtafutie na gongo!"

Baba akawaka. "Mama, umemharibu! Miezi mitatu hajachechemea hata siku moja!"

Na yule mama, mnajua alifanya nini? Alipiga makofi. "Asante Mungu, anachechemea! Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Usimvue, baba, subiri nikuonyeshe kitu..."

Nani amsubiri mwendawazimu? Baba aliinama, akafungua mikanda, akakitupa kile kiatu juu ya matairi. Akamvuta farasi. Na farasi akatembea, kichwa kimetulia, kulia sawa na kushoto, mwendo umelingana kama zamani.

Watu wakampigia baba vigelegele. "Amepona! Amepona!"

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikiuwaza mfano huu. Amepona? Watu mia moja wanasema amepona. Macho yao yanaona, hachechemei. Wewe ungekuwepo ungesema nini? Usijifanye. Ungepiga kigelegele, na sauti yako wewe mama wa kwaya ya pili tunaifahamu, ingesikika mpaka kijiji cha jirani.

Jumamosi asubuhi lori limeshafika, dereva ameshafungua mlango wa nyuma. Mama fundi akatokea na gunia begani, anahema. Ndani ya gunia mna viatu viwili. Usiku ule alishona cha pili.

"Dereva, mwanangu, nipe dakika kumi tu."

"Mama, mbwa hawajala tangu jana."

"Hawatakufa kwa dakika kumi." Akamgeukia baba. "Jana alichechemea mguu upi?"

Baba akafikiri. "Wa kushoto."

"Na kiatu nilimvalisha upi?"

Baba akauangalia mguu wa kulia, akauangalia wa kushoto. "Wa kulia," akasema, taratibu sana.

"Basi. Mguu uliochechemea sio niliougusa. Miguu yote miwili ya mbele ilikuwa inauma, baba, na inauma sawasawa. Sasa aegemee upi? Asiye na mguu mzuri hawezi kuchechemea. Nilipoupa nafuu mmoja, wa pili ndio ukapata nafasi ya kulia. Wewe ukasema nimemharibu."

Akapiga magoti, akavalisha viatu vyote viwili. Wakamwongoza farasi mpaka kwenye kokoto. Akasimama. Akainamisha kichwa akanusa vile viatu, kimoja, kingine. Akainua mguu. Akatua, kisigino kwanza. Akasimama tena, kama vile haamini. Kisha akavuta hatua ndefu, na nyingine, na nyingine, mpaka baba mwenye kamba akawa ndiye anayekimbia na kujikwaa kwenye kokoto.

Dereva akafunga mlango wa lori. "Mimi huyu simpakii. Bosi akitaka aje mwenyewe."

Msidhani hadithi iliishia kwenye kiatu. Mama fundi alimwachia baba kazi. Kila asubuhi mvalishe, mtembeze dakika kumi kwenye ardhi laini, na wiki hadi wiki uongeze. Kila jioni vua, osha, kausha, tazama kama mkanda umemchubua. Kigodoro kikilala bapa, weka kingine. Baba akauliza, "Kwa hiyo kiatu kitamponya?" Mama akasema, "Kiatu hakiponyi. Kiatu kinamtoa woga, atue kwa kisigino. Kutembea vizuri ndiko kutakakomponya." Na ukwato, nimekuja kujua, huota kama kucha, kuanzia juu kushuka chini, polepole, karibu mwaka mzima ndipo ule mpya ufike ardhini. Karibu mwaka mzima baba yule alikuwa anainama kila asubuhi na kila jioni. Na ndivyo farasi alivyokuja kupita kwenye kokoto zilezile, peku.

Lakini siku moja katikati ya mwaka huo, mama fundi alikuja kuleta vigodoro, akamkuta baba amepiga magoti, mkanda mkononi. Baba akauliza bila kuinua uso, "Mama, nilipokuwa namchapa, zile hatua tano ndefu alizokuwa anaongeza..."

"Ndiyo, baba. Alizikanyaga na maumivu yote."

"Mimi nilimwita mvivu."

"Mvivu angelala chini. Huyu alikuwa anakutii kwa miguu miwili mibovu."

Baba akabaki ameushika ule mkanda, hajui aufunge au aufungue.

Haya. Najua mnachongojea. Mnangoja niseme tusiwachape wanyama. Msiwachape. Lakini hilo hata bwana mifugo angewaambia, tena bila sadaka. Mimi sitaki kuwauliza juu ya fimbo. Nataka kuwauliza juu ya ile Ijumaa jioni. Nataka kuwauliza juu ya vigelegele.

Kuna dada mmoja katika usharika fulani, wa mbali, msigeuze shingo. Mume aliondoka. Dada hakusema kitu. Ibada anakuja, anaimba, anafagia kanisa Jumamosi, hatua zake zimenyooka. Watu wakasema, huyu ana nguvu za ajabu. Siku moja jumuiya ikaguswa, ikampelekea unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Safi kabisa. Wiki mbili baadaye dada yuleyule, ambaye hakuwahi kulalamika, akaanza kusema. Kwamba mtoto wake wa mwisho ameacha kuongea tangu baba aondoke. Kwamba yeye mwenyewe halali. Kwamba kuna siku anashika ufagio humu ndani na haoni sababu ya kuendelea kuishi.

Jumuiya ikasemaje? "Mnaona? Watu wengine ukiwasaidia ndio wanazidi kulia." "Tumempa unga, sasa anataka nini tena?" Unga ukasimamishwa. Ziara zikasimamishwa. Na dada akanyamaza. Akarudi kuimba, akarudi kufagia, hatua zimenyooka kabisa.

Na sisi tukasema, "Bwana asifiwe, siku hizi ametulia."

Ndiyo, nimesema sisi. Usharika wa mbali haupo. Nilikuwepo kwenye kikao kile cha jumuiya, na mzaha uliochekesha wote, ule wa "tukimpa na sukari ataomba na ng'ombe", niliutoa mimi, kwa mdomo huuhuu ninaojivunia. Mlicheka. Wazee mlicheka, mama zangu mlicheka, na mimi nikajiona ninajua kuchekesha. Tulimvua kiatu, wapendwa, kisha tukampigia vigelegele kwa kuwa hachechemei.

Tumejifunza kumhurumia anayechechemea, na ni vema. Lakini anayechechemea bado ana mguu mmoja mzima. Swali langu ni juu ya wale wanaotembea sawasawa kabisa, polepole, na sisi tunawaita wavivu, tunawaita wenye kiburi, tunawaita wenye nguvu. Na ukimsaidia mtu akaanza kulia zaidi, usikimbilie kusema umemharibu. Huenda hujaharibu kitu. Huenda umefika nusu ya kazi.

Leo sitawaombea kwanza. Ibada ikiisha, mimi na wale tuliocheka, tunaenda kwa yule dada. Tunaenda mchana huu, kabla ya chakula, na unga ni kisingizio tu cha kupita mlangoni. Nyinyi wengine kila mmoja anamjua wake. Ukifika usimuulize kama hajambo, atakwambia hajambo, sisi sote ndivyo tulivyofundishwa. Kaa chini. Muulize, "Na wapi kwingine panauma?" Kisha akianza kusema, ndugu yangu, usisimame.